Nyonga ya mama imevunjika: nusu kaputi au sindano ya mgongo?

Swali la msomaji: "Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi Mafinga. Siku nne zilizopita aliteleza kwenye tope akitoka kuchuma mboga, nyonga ikavunjika. Tumeambiwa apasuliwe awekewe chuma. Tumeiomba hospitali isubiri kwanza ukoo ukae kikao, maana tumegawanyika. Baba mdogo hataki kabisa nusu kaputi: shangazi yetu alichomwa nusu kaputi mwaka 2009, akatoka thieta vizuri, siku ya tatu akafia wodini. Dada naye hataki sindano ya mgongo, anasema wanawake waliochomwa wakati wa kujifungua wanalia mgongo mpaka leo. Utafiti wa sasa unasemaje? Ipi ni salama? Na mama mwenyewe anauliza kama atasikia akikatwa."

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mama pole yangu, umwambie kamwene.

Nianze na lile ambalo hukuniuliza. Hicho kikao kikaeni leo jioni, kwa simu ikibidi. Mzee aliyevunjika nyonga akilala chali siku baada ya siku, mapafu yake hayatanuki vizuri, makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Damu ya miguuni inaganda, na bonge lake linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Ngozi ya makalio inachubuka. Maumivu yanamnyima kula na kulala. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa nchi 17 uliolinganisha wagonjwa wa nyonga waliopasuliwa ndani ya saa 6 hivi na waliopasuliwa baada ya kama saa 24. Vifo havikutofautiana. Kwa hiyo sisemi mkimbizane. Siku moja ya kupima damu, kuweka presha sawa na kutafuta mtu wa kuchangia damu haipotei bure. Lakini siku nne za kubishana ni nyingi, na ya tano isiongezwe.

Sasa swali lenu. Kwa miaka mingi sisi wa kazi hii ya usingizi na ganzi tulifundishwa, na tukafundisha wengine, kwamba kwa mzee mwenye nyonga iliyovunjika sindano ya mgongo ndiyo salama. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani na Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 1,600 wa miaka 50 na kuendelea, wote wa nyonga, waliogawanywa kwa kura: hawa mgongo, hawa nusu kaputi. Baada ya siku 60 wakahesabu waliofariki pamoja na walioshindwa kutembea wenyewe. Upande wa mgongo walikuwa asilimia 18.5, upande wa nusu kaputi asilimia 18.0. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Hata kule kuchanganyikiwa na kuweweseka kunakowapata wazee baada ya upasuaji, kulikotufanya tuikimbie nusu kaputi, kuliwapata karibu mtu 1 kati ya 5 pande zote mbili. Mwaka uliofuata Wachina walitoa utafiti wao wa wagonjwa 950 wa miaka 65 na zaidi, nao hawakuona kwamba mgongo unapunguza kuweweseka.

Nakiri ilinichukua muda kuyakubali matokeo hayo. Lakini soma pia yalikopatikana: hospitali zenye mashine zote, mtaalamu wa usingizi akiwa kichwani kwa mgonjwa muda wote, damu iko kwenye friji, chumba cha wagonjwa mahututi kipo jengo hilohilo. Kwetu hesabu inabadilika kidogo. Mwaka 2016 ilichapishwa tathmini ya tafiti nyingi kutoka nchi zenye kipato cha chini na cha kati kuhusu wajawazito. Kwa waliolazwa nusu kaputi, uwezekano wa kufa ulikuwa kama mara tatu ya ule wa waliochomwa mgongo. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wanaolazwa nusu kaputi mara nyingi ndio waliofika hoi. Sehemu nyingine ni mpira wa hewa, na hapa naomba univumilie, maana ndipo ninapotaka ukoo wenu uelewe.

Ukimlaza mtu nusu kaputi, kupumua kwake kunakuwa mikononi mwako. Kwa upasuaji mkubwa unapitisha mpira mdomoni mpaka kwenye koo la hewa. Nyuma yake, karibu kabisa, kuna umio, njia ya chakula. Ndani ya mdomo kuna mate, kuna ulimi, wakati mwingine kuna damu, na mpira unaweza kuingia kwenye umio huku wewe ukiamini uko penyewe. Kifua kinaweza kuonekana kama kinapanda. Sikio linaweza kukudanganya ukisikiliza kwa stetoskopu. Kisichodanganyika kirahisi ni kapnografu, mashine inayopima hewa ukaa anayotoa mgonjwa kila anapopumua. Mpira ukiwa kwenye mapafu, kwenye kioo unatokea mlima, unashuka, unatokea mwingine, mfululizo. Ukiwa tumboni, mstari unalala. Usipouona mlima, unautoa mpira, huanzi kubishana na mashine. Majirani zetu wa Malawi, hapo tu ukivuka Kasumulu, waligawiwa mashine hizo 40 kwenye hospitali 8, zikifuatana na mafunzo. Kabla ya hapo karibu thieta zote zilizohusika hazikuwa nayo. Ndani ya miezi michache wahudumu walieleza kwamba wameikamata mipira 44 iliyoingia kwenye umio. Mipira 44 iliyotolewa kabla haijaua.

Kwa hiyo mama yako angekuwa mikononi mwangu, moyo wake uko sawa, hatumii dawa za kuyeyusha damu, mgongoni hana kidonda, ningeanza na mgongo: anaendelea kupumua mwenyewe, na nabaki na jambo moja pungufu la kuharibika. Lakini nisingeondoka thieta nikimlaumu mwenzangu aliyechagua nusu kaputi akiwa na kapnografu na mikono iliyozoea. Kuna wagonjwa ambao mgongo ndio hatari kwao, mfano wenye mlango wa moyo uliobana sana, kwa sababu sindano hiyo hushusha presha ghafla. Baba mdogo asiende hospitali na amri ya "msimchome nusu kaputi". Sindano ya mgongo ikigoma au ikiisha nguvu kabla kazi haijakwisha, mtaalamu lazima awe na ruhusa na vifaa vya kumlaza. Aende na swali: "Hapa kwenu mnayo mashine ya kupima hewa anayotoa mgonjwa?" Hakuna mtaalamu wa kweli atakayeudhika na swali hilo.

Dada naye nimjibu, maana hofu yake naisikia kila wiki. Mimba yenyewe huuchosha mgongo, na kubeba mtoto, maji na kuni baada ya kujifungua kunauchosha zaidi. Tafiti zilizolinganisha akina mama waliochomwa mgongoni kwa ajili ya uchungu na ambao hawakuchomwa hazikuona tofauti ya maumivu ya muda mrefu. Uingereza mwaka 2009 walihesabu sindano za mgongo za aina zote zaidi ya 700,000. Waliobaki na madhara ya kudumu walikuwa kati ya 2 na 4 kwa kila watu 100,000. Kinachotokea kweli ni maumivu ya kichwa siku mbili tatu baadaye, na hapo aina ya sindano ina maana: uchambuzi wa 2018 uliojumlisha tafiti 110 ulionyesha kwamba sindano zenye ncha butu kama ya penseli huwaumiza kichwa kama watu 4 kati ya 100, wakati zile zenye ncha ya kukata huwaumiza 11. Tena wazee wa umri wa mama hupatwa kidogo kuliko vijana.

Sasa shangazi. Nimeisoma sentensi yako mara kadhaa: "akatoka thieta vizuri, siku ya tatu akafia wodini". Siwezi kujua kilichomuua. Mafaili yake siyaoni. Lakini mtu aliyeamka, akaongea na watu, akafa siku ya tatu, ni nadra mno kuwa aliuawa na dawa ya usingizi. Hata jina lenyewe linatupotosha. Neno kaputi tulirithi kwa Wajerumani, maana yake kitu kilichokwisha, kilichokufa. Tukaongeza nusu, na tangu hapo mtu anayepelekwa thieta ndugu wanamwona nusu maiti. Dawa tunazotumia huisha kazi ndani ya saa chache. Wodi ndiyo inayobaki.

Hili si wazo langu tu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache kuliko wa nchi tajiri. Hata hivyo, kati ya waliopasuliwa kwa miadi, walikufa 1 katika kila 100, mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika vifo vyote, zaidi ya 9 kati ya kila 10 vilitokea siku zilizofuata upasuaji, mgonjwa akiwa ameshatoka thieta, ndugu wameshamshukuru Mungu na wengine wamerudi shamba.

Nilijifunza hilo kabla sijausoma utafiti huo. Miaka yangu ya mwanzo, katika hospitali ambayo sitaitaja, mzee mmoja alitoka thieta anaongea, akachomwa dawa kali ya maumivu, akapelekwa wodini. Saa nane usiku nikaitwa. Nilimkuta anakoroma, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Mtungi wa oksijeni umesimama pembeni, mshale umelala kwenye sifuri. Mtungi mwingine ulikuwepo, spana ya kuufungulia imefungiwa stoo na mwenye ufunguo amekwenda kulala kwake. Tulimwinua taya, tukampulizia kwa mfuko mpaka rangi ikarudi. Mwanawe wa kiume alikuwa nje kwenye baridi, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, maana muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umepita. Tulipomwingiza alisema, "Daktari, baba hakoromi. Hajawahi kukoroma." Sisi wote wodini tulimsikia yule mzee akikoroma tukadhani amelala usingizi mzuri. Aliyejua kwamba ule si usingizi wake alikuwa tumemfungia nje. Mzee alipona. Mimi tangu siku hiyo simpeleki mgonjwa wodini kabla sijaushika mtungi kwa mkono wangu na kuusoma mshale.

Kutokana na utafiti ule wa 2018, wenzetu walewale walifanya jaribio kubwa lingine, matokeo yakatoka 2021, hospitali zaidi ya 300. Wagonjwa wenye hatari kubwa walisogezwa vitanda vinavyoonekana na manesi, wakapimwa mara nyingi zaidi, ndugu wakaruhusiwa kukaa nao. Wote tulitarajia vifo vitashuka. Havikushuka. Kuna wanaosema basi kumwangalia mgonjwa hakuna faida, mimi siafiki. Ninavyousoma mimi, kuona ni nusu ya kazi. Nesi anaona presha imeshuka, anampigia daktari, daktari yuko thieta na mgonjwa mwingine, damu ya kundi hilo haipo, kitanda cha mahututi kimejaa. Nchi yetu bado haina hata daktari bingwa 1 wa usingizi kwa kila watu 100,000, wakati shirikisho la dunia la wataalamu wa fani yetu linataka walau 5. Ndiyo maana nawaambia ndugu wa mgonjwa wasiishie kuangalia, wawe wameandaa. Damu ya mama ipatikane kabla, watu wawili wa ukoo wakachangie mapema. Mjue nani anaitwa usiku, na kama anapatikana.

Usiku wa kwanza na wa pili kaeni mmoja wenu kwa zamu, mkiruhusiwa. Msiporuhusiwa ombeni kwa adabu na mweleze sababu. Mwekeni kitanda kikiwa kimeinuliwa kichwani. Mvalisheni miwani yake kama anayo, mwambieni leo ni siku gani na yuko wapi, mwongee Kihehe kama ndiyo lugha anayowaza nayo. Asipoongea sawa na kawaida yake, asipokojoa, akianza kukoroma asivyokoroma, akipumua haraka kama mtu aliyepanda mlima, mwiteni nesi, na mkimwita msiseme "mgonjwa hayuko vizuri". Semeni mlichokiona: "Asubuhi alinitambua, sasa ananiita jina la marehemu kaka yake."

Kuhusu kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, kuna mambo mawili ya huku kwetu. Kwanza tuko juu: Mbeya ni kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, Iringa mjini iko chini kidogo ya hapo, Mafinga iko juu ya Iringa. Mzee mzima wa afya huku anaweza kusoma 94 au 95 na asiwe na tatizo. Pili, mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha jambo linalotuhusu moja kwa moja: kifaa kikisoma kati ya 92 na 96, kwa wagonjwa weusi karibu 12 katika kila 100 oksijeni yao halisi kwenye damu ilikuwa chini ya 88, kwa wazungu hawakufika hata 4. Kifaa hicho hakijatengenezwa kwa ngozi zetu vizuri inavyotakiwa. Ukiunganisha hayo mawili utaona hatari ilipo: namba 92 kwa mama, mtu anasema "ni mwinuko tu", kumbe ni mapafu. Mpimeni sasa hivi kabla ya upasuaji, akiwa ametulia, mwandike namba yake. Ikishuka toka hapo baada ya upasuaji ndiyo ya kushtukia. Na kama kuna harusi ilipita karibuni akapakwa piko au hina kwenye kucha, mwambie mtaalamu, kidole kingine au ncha ya sikio vitatumika.

Mwambieni pia mtaalamu ukweli wote bila aibu: jiko la kuni ndani ya nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi na kikohozi chake cha asubuhi, dawa za presha, asprini, mitishamba, dozi za kifua kikuu za zamani kama alitumia. Siri ya dawa moja inaweza kutuharibia mpango mzima.

Chakula: kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji asile kitu, na kama alikula vya mafuta, muda huo uwe saa 8. Uji ni chakula. Togwa ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, usifike hata karibu. Ila maji na chai ya rangi ataruhusiwa mpaka zibaki saa 2 kabla ya upasuaji, na hili nalisisitiza kwa sababu wazee wetu hufungishwa tangu jioni, kisha ratiba inachelewa mpaka saa nane mchana, wanaingia thieta wamekauka, na sindano ya mgongo kwa mtu aliyekauka hushusha presha vibaya. Asubuhi ya upasuaji ulizeni: "Zamu ya mama ni saa ngapi, anywe maji hadi lini?"

Mtaona pia wanamuuliza jina lake, mguu upi, ana mzio gani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watu tofauti. Asihisi wamemsahau. Ni orodha ya Shirika la Afya Duniani, na ilipojaribiwa kwenye hospitali 8 za miji 8 ya dunia, mmoja wapo ulikuwa Ifakara, hapo chini ya milima ya Udzungwa. Matokeo yalitoka 2009: vifo vilishuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ajibu kila mara, kwa sauti.

Na swali lake yeye mwenyewe. Kwa sindano ya mgongo hatasikia kukatwa. Atahisi kuguswa na kusukumwa, kama mtu anayekuvuta blanketi, na miguu itakuwa mizito kama si yake. Kinachowasumbua wengi ni kumkalisha au kumgeuza ubavu kwa ajili ya sindano, maana mfupa umevunjika. Aombe kwanza ganzi ya kinena au dawa kidogo ya maumivu kabla hawajamgeuza, ipo na inasaidia sana. Masikio yake lakini yatakuwa macho. Atasikia vyuma vikigongana, atasikia mashine ya kutoboa mfupa na nyundo. Wengine hawajali, wanaendelea kuniuliza kama nje mvua imeanza. Wengine wanaogopa, na hao tunawapa dawa ya kuwasinzisha huku wanapumua wenyewe. Kama hataki kusikia nyundo, aseme mapema, mtaalamu atakapokuja kumwona wodini siku moja kabla.